Kutoka Tarime hadi Mugumu, Tukitafuta Maua

Picha iliyotuondoa nyumbani ilifika mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameshika kasi na njia ya kwenda msikitini ikiwa tope tupu. Ilitumwa katika kundi la simu la waumini wetu na kijana wa Sirari anayesoma chuo kikuu nchini Japani. Ilionesha uwanja wa chuo chake: miti imejipanga pande mbili za njia, haina jani hata moja, imefunikwa maua meupe yenye wekundu wa mbali, na chini yake watu wamekaa juu ya majamvi na vyakula vyao, karibu kila mmoja ameinua kamera. Kijana alieleza kwamba miti ile ni micheri, kwamba wenyeji huyaita maua yake sakura, kwamba hayadumu zaidi ya wiki moja au mbili, na kwamba watu wazima wenye kazi zao huziacha ili waende kuyatazama.

Maashaallah zilimiminika. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida huandika katika kundi lile pale tu anapotangaza msiba, akaandika: "Allah amewapa wenzetu. Sisi huku tuna vumbi na ng'ombe." Watu wakacheka, nasi tukacheka.

Hatukucheka kwa muda mrefu. Katika uwanja wa msikiti wetu upo mjakaranda mmoja, ambao kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Septemba huvaa maua ya zambarau hata bati za paa zisionekane. Na wiki mbili kabla ya picha ile kufika, kamati ya msikiti ilikuwa imepitisha azimio la kuukata. Azimio hilo twalijua neno kwa neno, kwa kuwa tunaitumikia kamati hiyo kwa nafasi ya ukatibu, na mwandiko uliomo daftarini ni wetu.

Msomaji asidhani kwamba wajumbe wale ni watu wasio na macho. Maua ya mjakaranda yanapoanguka huziba mifereji ya paa inayopeleka maji ya mvua katika tangi la udhu. Yakilowa huteleza kama sabuni, na mwaka juzi bibi mmoja aliyekuwa akienda kwenye safu za akina mama alianguka hapo akavunjika kifundo cha mkono. Zaidi ya hayo, mahali unaposimama mti ndipo penye uso wa barabara. Zikijengwa hapo fremu tano za maduka, kodi yake itatosha kumlipa ustadh wa madrasa na wasaidizi wake wawili, ambao kwa sasa hulipwa kwa kapu la Ijumaa, na kapu la Ijumaa, kila aliyewahi kulihesabu anajua lilivyo.

Katika kikao kile mjumbe mmoja aliukumbusha wasia wa Sayyidna Abubakar (RA) kwa jeshi lililokuwa likielekea Sham, kwamba wasikate mti wenye matunda. Akajibiwa kuwa mjakaranda hauna tunda la kuliwa. Akaitaja hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Mwislamu anayepanda mche, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika ule mche, ikawa ni sadaka kwa aliyepanda. Akajibiwa vilevile: nani anakula mjakaranda? "Nyuki je?" akauliza. Mwenyekiti akasema nyuki si mjumbe wa kamati, na azimio likapita.

Lililobaki ni fedha za kuanzia msingi, nazo hazikuwapo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kalenda. Tuchapishe kalenda ya ukutani, yenye tarehe za Hijria na za Miladia, tuiuze kwa waumini wa Tarime na Serengeti. Mjumbe kijana akapendekeza picha za wanafunzi wa madrasa. Wazee wawili wakakataa katakata: kalenda ya msikiti haitatundikwa ikiwa na sura za watu. Tulipokuwa chuoni tulisoma suala hili kwa urefu, na tulieleza kikaoni kwamba wapo wanazuoni walioihalalisha picha ya kamera, akiwamo Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliona kuwa kamera haiumbi kitu bali inazuia tu kivuli kisipotee. Wazee hawakuridhika, wala hatukuwalazimisha, maana wana hoja zao na umri wao. Badala yake tuliwakumbusha kisa cha Ibn Abbas (RA). Mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kuchora sura alimwendea, na alipoelezwa onyo la Mtume (SAW) akabadilika rangi. Ndipo Ibn Abbas akamwambia kuwa ikiwa hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho. Wazee wakatazamana. "Basi piga miti," mmoja wao akasema.

Hivyo ndivyo tulivyopewa kazi ya kupiga picha za miti ya maua, ili ziuzwe, ili fedha zake zijenge msingi mahali pa mti wa maua. Siku ile hatukuliona jambo hilo. Tunaliandika hapa kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yetu.

Tulingoja hadi Oktoba, kwa kuwa nchi yetu haina majira ya kuchipua kama ya Japani. Huku kinachoamsha miti ni mwisho wa kiangazi. Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia, na ambao umeenea katika miji yote ya nyanda za juu kuanzia Nairobi hadi Arusha, hupukutisha majani yake katika ukavu, kisha huchanua kabla majani mapya hayajaja. Kwa hiyo katika wiki hizo mti huwa ni maua matupu juu ya matawi meusi, sawasawa na ile micheri ya picha.

Tulianzia katika chuo kimoja cha mjini, chenye safu ya mijakaranda ya zamani kando ya njia inayotoka lango kuu hadi madarasani. Tulikwenda na kijana mmoja wa madrasa mwenye simu nzuri kuliko yetu na kamera ya kuazima. Mlinzi akatusimamisha langoni. "Barua iko wapi?" Hatukuwa na barua, lakini katibu wa msikiti hatembei bila muhuri. Tukaketi juu ya jiwe, tukaandika barua, tukaigonga muhuri, tukamkabidhi. Aliisoma mara mbili. "Ustadh, hii ni barua ya kuomba kupiga picha mti?" Tukamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akafunga kibanda chake, akafuatana nasi hadi mwisho, na kabla hatujaondoka yeye ndiye aliyekuwa akituonesha pembe nzuri zaidi. Kumbe alikuwa amelinda miti ile miaka tisa bila mtu kumuuliza habari zake.

Kupiga picha maua ya mjakaranda si kazi rahisi kama tulivyodhani. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe kwa joto, zambarau yote hufifia, na mti hutoka kama umepakwa majivu. Simu nayo ina kasoro yake: inachukua ile rangi iliyo kati ya bluu na nyekundu na kuisukuma yote upande wa bluu, hata picha ikitazamwa nyumbani mtu huuliza huo ni mti gani. Saa nzuri ni mapema asubuhi, au pale wingu linapofunika jua. Na pahali pazuri si juu, ni chini. Kijana wetu alilala kifudifudi katikati ya njia, kamera ikiwa karibu kugusa ardhi, mbele yake zulia la maua yaliyoanguka na kwa mbali lango la chuo. Wanafunzi waliokuwa wakipita walikwepa huku wakicheka. Mabinti watatu waliokuwa wakisoma chini ya mti wakatuita: "Ustadh, mbona miti tu? Sisi hatupendezi?" Tukawajibu kuwa kalenda yetu ina wazee wake. Wakahama kidogo ili shina lionekane, na tunawashukuru.

Kijana akatuuliza njiani namna kamera inavyofanya kazi. Tulimsimulia habari za Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, jinsi alivyochunguza mwanga unaoingia katika chumba cha giza kupitia tundu dogo na kuchora ukutani vitu vilivyo nje. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama mtu huyo aliwahi kupiga picha yoyote. Tukasema hapana. Akasema, "Maskini."

Safari ya pili ilikuwa ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Tulipanda haisi ya asubuhi, tukapita Mogabiri na Nyamwaga, nyumba na migomba zikiwa zimebanana pande zote za barabara, hadi Nyamongo, ambako vilima vya kifusi cha mgodi wa dhahabu vimekuwa virefu kuliko vilima vya Mwenyezi Mungu vilivyo jirani. Mama mmoja aliyekaa nasi, mwenye kikapu cha dagaa magotini, alitaka kujua tunakokwenda.

"Tunakwenda kupiga picha miti, mama."

"Ya shamba lenu?"

"Hapana."

"Mnainunua?"

"Hapana, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi mmetumwa," akasema, na abiria wote wakaridhika na jibu hilo.

Baada ya Nyamongo ardhi huteremka hadi Mto Mara, unaozitenga wilaya hizi mbili. Mto huu huzaliwa katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ndipo huja kwetu ukielekea Ziwa Victoria. Miezi hii ndiyo ambayo makundi ya nyumbu huuvuka kule juu, ndani ya hifadhi, na watu kutoka kila pembe ya dunia hukaa ukingoni kwa saa nyingi wakiwa wameelekeza kamera zao majini. Magari yao hupita Mugumu yakielekea lango la Ikoma, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Hatuwalaumu. Nyumbu zaidi ya milioni moja si jambo dogo. Lakini barabarani hapo hapo, nje kidogo ya mji, palikuwa na mti mkubwa wa maua mekundu ya moto, ule ambao vitabu vya misitu huuita kibobakasi, na katika muda wote tuliosimama chini yake hakuna gari lililopunguza mwendo.

Kibobakasi ni mti wa Afrika hii hii, wala haukuletwa na mtu kutoka ng'ambo. Wataalamu wa mimea huuhesabu katika ukoo mmoja na mjakaranda, ingawa mmoja ni wa huku na mwingine ni mgeni. Vikonyo vya maua yake kabla ya kufunguka hujaa maji, na watoto wote wa pande za ziwa wanajua siri hiyo: ukikiminya kikonyo ncha ikiwa imekatwa, maji hurukia mbali. Tulikuta watoto saba katika vita kali ya namna hiyo. Kijana wetu alisahau kamera akajiunga. Tulirudi na picha nne za kibobakasi na kanzu moja iliyolowa.

Kusema kweli, safari ya Mugumu haikutupa tulichokifuata. Tulikuwa tumeambiwa kuna safu ya ile miti ambayo watu wengi huiita mikrismasi, kwa kuwa huchanua mwishoni mwa mwaka. (Jina hilo halikuwafurahisha wazee wetu, lakini asili ya mti wenyewe ni Madagaska na haujui dini ya mtu.) Tuliikuta miti, ila tulikuwa tumewahi mno. Ilikuwa bado imening'iniza maganda makavu ya mwaka uliopita, yakigongana kwa upepo. Tukaswali Adhuhuri kwa ndugu zetu wa hapo, tukala ugali kwa samaki, tukarudi.

Kisha mvua ikanyesha Tarime, mvua ya kwanza ya maana baada ya ukame, usiku kucha. Siku ya tisa yake, baada ya Alfajiri, simu ikalia. Alikuwa mkulima mmoja wa kahawa, mwumini wetu, ambaye shamba lake liko kwenye mteremko juu ya mji. "Katibu, yamefunguka. Njoo leo au kesho. Keshokutwa usije."

Sisi ni mzaliwa wa mji, na tunaona haya kukiri kwamba katika umri wetu huu tulikuwa hatujawahi kuingia katika shamba la kahawa siku ya maua. Kahawa ya Tarime ni ile aina ya arabika, inayopenda ubaridi wa milima. Vitumba vyake hujitengeneza wakati wa ukame, kisha hukaa vimelala vikingoja maji. Mvua ikija vyote huamka pamoja, na siku nane hadi kumi baadaye shamba zima huchanua kwa asubuhi moja. Maua hayo hudumu siku mbili au tatu tu, halafu hugeuka rangi ya kutu na kudondoka. Micheri ya Japani, kwa kulinganisha, ina umri mrefu.

Harufu tuliipata kabla hatujaliona shamba. Ni harufu ya asumini, lakini nzito zaidi, kama asumini iliyofungiwa kabatini. Tulipozunguka kona ya uzio tukasimama. Kila tawi lilikuwa limevikwa nyeupe toka shinani hadi nchani, maua yamebanana katika kila kifundo cha majani, na shamba lote likinguruma kwa nyuki. Kijana wetu, ambaye ana la kusema juu ya kila kitu, alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo na hakuongeza.

Tulipiga picha zaidi ya mia mbili. Mzee wa shamba alitufuata nyuma akituvumilia. Tulipomwambia kuwa shamba lake limependeza, alituangalia kama mtu anayemwangalia mgeni. "Ninyi mnaona maua," alisema. "Mimi hapa naona ada ya wajukuu wanne na deni la mbolea. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, nusu yake iko chini." Akashika tawi moja, akalivuta kwa upole ili kamera ione karibu, akatueleza jinsi kila ua litakavyokuwa tunda, na jinsi tunda litakavyohitaji miezi saba hadi tisa kabla ya kuiva. Tulipiga picha akiwa amelishika. Mkono wake umeingia katika picha: kucha nene, kovu la panga, na yale maua meupe kati ya vidole. Ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizozileta. Wazee wa kamati waliijadili kwa dakika kumi, hatimaye wakairuhusu kwa hoja kwamba haina kichwa.

Kwa Mwislamu, kahawa ni mti wenye historia ya nyumbani. Chimbuko lake ni Uhabeshi, na waliokuwa wa mwanzo kuieneza kama kinywaji ni masufi wa Yemen katika karne ya 15, waliokuwa wakiinywa ili wasisinzie katika nyiradi za usiku. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, na marufuku hiyo haikudumu. Tulimsimulia mzee habari hizo tukiwa tumekaa chini ya mgomba. Akauliza kama hao masufi walikuwa wakilipa bei nzuri.

Zilibaki picha za mti wetu wenyewe. Tuliziacha za mwisho, na msomaji anaweza kukisia sababu. Kabla ya kuzipiga tulifungua sanduku la madaftari ya zamani ya msikiti, tukitaka kujua mti ule ulipandwa lini. Kijana wa Japani alikuwa ametuandikia kwamba katika mji wa Kyoto tarehe za kuchanua kwa micheri zimekusanywa kutoka katika shajara za wafalme, watukufu na watawa kwa zaidi ya miaka 1,200, na kwamba kwa rekodi hizo wamegundua kuwa mwaka 2021 maua yalifikia kilele chake tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika rekodi hizo. Makatibu wa Kyoto walifanya kazi. Katika madaftari yetu tulikuta misiba, michango, ugomvi wa funguo na ununuzi wa vipaza sauti. Kuhusu mti tulikuta mstari mmoja tu katika hesabu za matumizi: miche miwili na ndoo moja. Wazee wanasema mche wa pili uliliwa na mbuzi.

Hata hivyo lipo jambo ambalo halimo daftarini na tunalikumbuka wenyewe. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa Miladia, kwa hiyo huzunguka majira yote. Mwaka 2005 ulianza mapema Oktoba, mti ukiwa katika kilele cha maua. Sisi tulikuwa watoto wa madrasa. Tulikuwa tukitandikiwa mikeka chini yake kwa ajili ya futari, na kabla ya adhana maua yalikuwa yakidondoka ndani ya vikombe vya uji. Ilikuwa ni mwiko kuyatoa kabla ya jua kuzama, kwa kuwa tuliaminishana kwamba atakayechovya kidole atakuwa amefungua. Mwalimu wetu hakuwahi kutusahihisha. Kwa hesabu, Ramadhani itarudi Oktoba miaka ya 2036 na 2037. Watoto watakaofuturu mwaka huo hawajazaliwa bado, na mahali hapo, kwa mujibu wa mwandiko wetu, patakuwa na fremu tano.

Tulifika uwanjani Alfajiri ya Jumatano. Fundi alikuwa amekwisha kupima: vigingi vinne na kamba ya nailoni ya rangi ya chungwa, iliyopita sentimita chache kutoka shinani. Usiku ulikuwa umepita upepo, na uwanja wote ulikuwa wa zambarau. Kijana akaanza kazi. Ndipo akatoka msikitini mzee wetu ambaye, katika kizazi kile cha miche miwili na ndoo, ndiye pekee aliye hai. Macho yake yamekwisha kuondoka. Alikuwa akipapasa kwa fimbo, na kila fimbo ilipogusa chini, ua lilipasuka kwa mlio mdogo.

"Umechanua," alisema.

"Umechanua, babu."

"Nimesikia." Akapiga hatua mbili, akasikiliza tena. Tulidhani hiyo ndiyo nafasi yetu. Tukamweleza habari ya azimio, ya kalenda, ya Ramadhani ya 2037, na tukamwambia kuwa kwenye kikao cha Jumamosi tumeweka ajenda ya kulifikiria upya. Tulitaraji aseme neno la kutusaidia, neno ambalo tungeliandika.

"Ustadh amelipwa?" akauliza.

"Bado, babu."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akanyoosha mkono. "Nishike, mwanangu, unipeleke bombani. Unipitishe mbali na haya maua, yasije yakaniangusha."

Tukampeleka. Tuliporudi, jua lilikuwa limefika kwenye matawi ya juu na kijana alikuwa amemaliza. Picha aliyoichagua kwa ukurasa wa Oktoba inaonesha mti mzima, paa la msikiti nyuma yake, na chini, ikikatiza maua yaliyoanguka, ile kamba ya fundi. Alituuliza kama aifute kwa programu ya simu, maana ni kazi ya dakika moja. Tukamwambia aiache.